Hapa Aonaye Ni Nani?

Shangazi yangu alinisikiliza kurasa nne, kisha akainua mkono kunizuia. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, yeye yuko mbele ya karai la mahamri, mimi nimekalia mbuzi ya kukunia nazi nikimsomea mswada wa riwaya yangu kwa sauti ya kushindana na mafuta.

"Ngoja kwanza," akasema. "Huyu aliyeyaona machozi ya Thureya ni nani? Si umesema mwanawe yuko nje barazani? Na Thureya mwenyewe hawezi kuiona sura yake. Sasa hapa aonaye ni nani?"

Nikapekua kurasa nyuma na mbele. Katika ukurasa ule mmoja nilikuwa nimeingia kichwani mwa mjane, nikatoka nikaingia kwa mwanawe, nikapita kwa mpangaji aliyekuwa akishuka ngazi, kisha nikarudi kwa mjane, yote hayo kabla kahawa haijapoa kikombeni. Nilidhani huo ndio utajiri wa hadithi yenye watu wengi. Shangazi hakuvuka darasa la saba, lakini hadithi amezisikiliza maisha yake yote, na yeye aliona watu wanaosukumana mlangoni.

Nilikuwa na kurasa 210 za namna hiyo.

Naandika haya kwa yeyote anayehangaika na riwaya inayosimuliwa kwa macho ya watu kadhaa. Nilipokuwa nikihangaika mimi, mafunzo niliyoyapata yalikuwa ya Kiingereza, na yalieleza shida za Kiingereza. Shida zangu nyingi zilitoka ndani ya Kiswahili chenyewe, na dawa zake pia niliziokota humo humo, moja baada ya nyingine, kwa miaka sita.

Kwanza niieleze hadithi, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Kuna nyumba ya orofa mbili Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa: mlango wa kuchonga, baraza mbili za mawe, dari la boriti, roshani inayotazama uchochoro. Mwenye nyumba amefariki. Ameacha mjane, ambaye ni Thureya, mwana mmoja wa kiume, Faraji, na mabinti wawili. Thureya yuko eda, kipindi cha kungoja cha mjane wa Kiislamu, kwa hiyo kwa miezi 4 na siku 10 hatoki nyumbani ila kwa dharura. Huku chini, Faraji na dalali wanazungumza bei ya nyumba. Orofa ya juu kabisa anakaa mpangaji, mtu wa bara, ambaye kazi yake ni makasha bandarini Kilindini. Na kuna deni ambalo marehemu aliliacha bila kumwambia mkewe. Katika mirathi ya Kiislamu, deni hulipwa kabla mrithi yeyote hajagusa chake.

Wazo la eda ndilo pekee ambalo halikubadilika tangu siku ya kwanza. Lilinipa muda wa hadithi: inaanza siku ya mazishi, inakwisha siku mjane anapotoka. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba lilinipa pia jibu la shangazi, kwa sababu mtu asiyetoka huona kuta tu, lakini husikia mtaa mzima.

Nilianza na sauti saba. Mjane, mwana, mabinti wawili, mpangaji, dalali, na marehemu mwenyewe akizungumza toka kaburini. Wote niliwapa "mimi". Baada ya swali la shangazi nilizitenganisha sura, kila mtu na yake, nikaandika jina juu. Kisha nikajifanyia mtihani ambao naufanya mpaka leo: nafungua mswada popote, naziba jina kwa kiganja, nasoma mistari mitano. Sikuweza kumjua msemaji. Wote saba walikuwa wakizungumza kama mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari, na mwalimu huyo ni mimi.

Dawa niliyoikimbilia ilikuwa lafudhi. Thureya nikamjaza Kimvita, Kiswahili cha wenyeji wa Mombasa: mato, tini, ndia, mtele. Mpangaji nikampa Kiswahili cha kuvunjika, "kitu yangu", "nyumba yake mkubwa", ukurasa baada ya ukurasa, hata akiwa peke yake chumbani usiku anamuwaza mkewe aliyemwacha nyumbani.

Mwalimu mwenzangu wa hisabati, mzaliwa wa Kakamega, aliniomba asome. Alikaa na mswada siku mbili, akaurudisha mezani kwangu, akavuta kiti.

"Mwalimu," akasema, "kwani mimi nikiwaza huwa nakosea ngeli?"

Sikuelewa upesi. Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto hesabu za sehemu. "Mimi nawaza kwa lugha ya mama yangu, na hiyo naijua vizuri. Nikikosea, nakosea mdomoni, nikiongea na nyinyi. Huyu wako umemfanya mjinga mpaka ndani ya kichwa chake."

Maneno yale yaliniuma sana. Nimezaliwa na kukulia Mombasa, na "mtu wa bara" ni neno ambalo nimelisikia likitamkwa mezani na barazani tangu utotoni, nikalitamka nami bila kulipima. Nilikuwa nimemwingiza mtu kitabuni ili nimcheke, huku najiambia namheshimu. Kwa aibu nikamtoa kabisa katika rasimu ya pili. Huo nao ulikuwa woga, na kitabu kilipwaya bila yeye, kwa hiyo baadaye nikamrudisha.

Aliporudi, mawazo yake yaliandikwa kwa Kiswahili kilichotulia kuliko cha mtu mwingine yeyote ndani ya kitabu, maana mimi kazi yangu ni kuyavusha tu kutoka lugha yake. Mdomoni ana sentensi chache, na mara nyingi ananyamaza, kwa kuwa mtu anayejua atachekwa huhesabu maneno. Hakuna mtu nyumbani mle aliyewahi kumsikia akisema zaidi ya salamu na habari ya maji. Msomaji peke yake anajua anavyowaza. Tangu hapo sikuhitaji kumwandikia sentensi hata moja ya kuonyesha upweke wake.

Kwa Thureya, Kimvita nilikibakisha, maana yeye hicho ndicho anachowazia. Lakini nilipunguza, nikaacha yale maneno ambayo nikiyaondoa namsikia akinung'unika.

Rasimu ya pili niliijenga juu ya hesabu ya mirathi, na nilidhani nimepata ufundi mkubwa. Mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani sehemu 1 kwa 8. Kinachobaki, mwana wa kiume hupata mara mbili ya binti. Kwa familia yangu ya kubuni, nyumba inagawika mafungu 32: mama 4, mwana 14, kila binti 7. Basi nikasema kitabu kitakuwa na sura 32, nami nitawagawia vivyo hivyo, ili muundo wenyewe uwe mirathi. Nilibandika karatasi ukutani, nikawa naitazama kwa furaha kila nikipita.

Miezi minane nilijaribu. Faraji, mwenye sura 14, hakuwa na la kuzijaza. Alijua bei, alimjua dalali, alijua habari za deni tangu ukurasa wa kwanza. Kutembea na mtu anayejua kila kitu ni kutembea bila shaka moyoni, na shaka ndiyo inayomfanya msomaji afungue ukurasa wa pili. Mama, mwenye sura 4, hakujua lolote, na kila sura yake nilikuwa naikimbilia. Yeye alikuwa akikusanya. Mlango uliofungwa polepole kuliko kawaida. Jina geni likitajwa chini barazani. Harufu ya udi usio wa nyumba ile ikipanda ngazini. Mwanawe akimletea madafu siku ambayo si ya kuletewa madafu.

Nikaibandua ile karatasi. Niligawa upya, safari hii kwa kuuliza nani anakosa nini: nani hajui, na kutojua kwake kunamgharimu nini. Kitabu kilivyo sasa kina sura 29. Thureya ana 12, Salma, binti mkubwa anayekaa Likoni, ana 7, Faraji 6, mpangaji 4. Binti mdogo nilimnyang'anya sauti, ila katika familia yumo, kwa sababu hesabu ya mafungu 32 bado inamtaka. Marehemu nilimnyamazisha siku moja tu bila majuto. Dalali alinisumbua. Sura zake zilikuwa na uhai, ana maneno matamu, na wenzangu niliowasomea walizipenda. Lakini kila nilipoingia kichwani mwake, hofu iliisha. Ukimjua dalali anadaiwa ada ya shule, humwogopi tena. Sasa yeye ni sauti inayopenya kwenye boriti na viatu vilivyovuliwa mlangoni, na anatisha zaidi.

Sasa nije kwenye Kiswahili chenyewe, ambako ndiko nilikojifunza zaidi.

Lugha yetu haibagui mwanamke na mwanamume katika kitenzi. Andika "Alimtazama. Alijua anamdanganya." Mama na mwana wako chumbani. Nani amemtazama nani? Nani anajua? Mwandishi wa Kiingereza akiwa na mama na mwana, viwakilishi vyake vinamfanyia nusu ya kazi. Sisi "a" na "m" ni za wote. Nilipohamisha sura nyingi kutoka "mimi" kwenda nafsi ya tatu, nilijikuta nataja majina kila sentensi, Faraji, Thureya, Faraji, Thureya, kama mwalimu anayeita mahudhurio.

Njia ilikuwa mbele yangu muda wote. Hapa kwetu hatuitani majina hovyo. Mwanamke yule yule mmoja ni "mamangu" kwa Faraji, ni "Bi Thureya" kwa majirani, ni "Mama Salma" kwa mpangaji kwa kuwa Salma ndiye mtoto wa kwanza, ni "bi mkubwa" kwa dalali. Mumewe alimwita "Mwana" wakiwa wawili tu, na hilo hakuna mwingine anayelijua. Basi nikaweka sharti: ndani ya sura ya mtu, kila mtu aitwe vile mwenye sura anavyomwita moyoni, na asiitwe vinginevyo hata mara moja. Katika sura za Faraji neno Thureya halimo kabisa. Sharti hilo moja lilifanya kazi mbili kwa pamoja. Msomaji anajua yuko kwa nani kabla hajamaliza mstari wa kwanza, na majina yanabeba mapenzi au chuki bila mimi kueleza. Faraji anapofika mahali akawaza "huyu mama" badala ya "mamangu", wasomaji wangu watatu waliniambia walishtuka.

Kisha kuna huyu, huyo na yule. Kuna hapa, hapo na pale. Na kuna kuja na kwenda, kuleta na kupeleka. Maneno haya yanaonyesha mwonaji amesimama wapi, nasi tunayatumia bila kufikiri, kwa hiyo yanatusaliti upesi. Niliandika: "Salma akaenda chumbani kwangu, akanipelekea uji." Sura ni ya Thureya, na Thureya yuko kitandani ndani ya chumba hicho. Kwake yeye, Salma alikuja, na uji uliletwa. Niliposema "akaenda", nilikuwa nimemwacha mjane wangu kitandani, nikatoka kusimama ukumbini peke yangu. Nilichukua kalamu nyekundu, nikazungushia duara kila kuja, kwenda, hapa, pale, huyu na yule katika mswada mzima. Ilikuwa kazi ya wiki tatu za likizo. Niliona kwa macho yangu mahali pote nilipomtoroka mwenye sura. Palikuwa pengi mno, na karibu kila mahali nilipotoroka palikuwa mahali ambapo sikujua mtu huyo anahisi nini.

Nyakati nazo ni za mtu. Hili sikulipanga, nililiona likitokea nikalifuata. Thureya, ambaye ndiye pekee niliyembakishia "mimi", anapenda "hu": asubuhi huja mjukuu, adhuhuri hulala kidogo, jioni husikia watoto wa chuo cha Kurani wakirudi. Siku za eda zinafanana. Siku anaposema "leo alikuja", msomaji anajua kuna kitu. Faraji ni mtu wa "ka": akatoka, akasimamisha tuktuk, akapiga simu, akakata. Salma, binti wa Likoni, amejaa "ngali": ningalimuuliza baba, ningalikuja siku ile. Mpangaji ana "li" iliyotulia, ya mtu anayetoa ripoti baada ya zamu. Tangu niliposhika hilo, mtihani wa kiganja haukunishinda tena.

Salma ndiye aliyenipeleka kivukoni. Kila akija kumtazama mama yake lazima avuke na feri, nami sikuwa na lolote la kuandika zaidi ya watu wengi, jua na njugu karanga. Jumamosi moja nilivuka mara sita bila kuwa na safari, maana kwa mtembea kwa miguu hakuna nauli. Kila mvuko niliupa mtu wake. Mvuko wa Faraji niliona saa ya simu, na foleni ya magari kule mbele, na lori lililotangulia lisilostahili kutangulia. Kwa macho ya mpangaji niliona meli ya makasha ikiingia mkondo wa Kilindini, feri ikisubiri ipite, naye akisoma jinsi makasha yalivyopangwa, yapi yatashushwa kwanza, nani atakuwa zamu usiku.

Mvuko wa Salma ulinikalia kichwani zaidi ya yote. Mwaka aliozaliwa nilioupanga ulimfanya awe msichana tarehe 29 Aprili 1994, siku feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakafa. Katika hadithi alimpoteza rafiki yake wa darasa siku ile. Nilikuwa nimemwandikia kumbukumbu ndefu, kurasa mbili nzima, na ilikuwa sahihi na baridi. Pale kwenye feri nilijaribu kusimama kama yeye, nikagundua kwamba mtu kama huyo hayatazami maji. Anatazama nyuso. Anahesabu watoto walioshikwa mkono na wasioshikwa. Anajua mlango wa kutokea uko wapi na amesimama karibu nao. Nilizifuta kurasa zote mbili. Mwaka ule na ajali ile vimetajwa mara moja tu, katika sentensi moja, baadaye sana. Katika sura zote 7 za Salma, maji ya Likoni hayajaelezwa hata kwa neno moja, na kuna msomaji aliyeniuliza kwa nini mwanamke anayevuka bahari kila wiki haioni bahari.

Sura za Faraji zilibaki mbovu muda mrefu, na sababu naijua. Nilimchukia. Nyumba ya baba yetu sisi pia iliwahi kuleta maneno, na kaka yangu ndiye aliyetaka iuzwe haraka. Nilimwandika Faraji kwa hasira ya siku zile. Kila akiingia ukurasani alikuwa na tamaa, na tamaa tupu haina pa kwenda, inafika pale pale kila sura.

Nilimwomba kaka yangu tukae tuzungumze. Tulikaa ufukweni Mama Ngina jioni, tukila mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, meli zikitoka. Nilimwambia ukweli, kwamba kuna mtu katika kitabu changu anayefanana naye na kwamba simwelewi. Alikaa kimya mpaka nikadhani amekasirika. Kisha akaniambia kuwa matibabu ya baba, miaka miwili ya mwisho, aliyalipa yeye. Aliuza gari lake la kazi. Alikopa. Baba alimshika mkono akamwomba mama asijue, maana mama angeuza dhahabu yake. Alitaka nyumba iuzwe haraka ili madeni yaishe kabla mama hajaanza kuuliza.

Miaka yote ile sikuwa nimewahi kumuuliza. Tulilia wote wawili pale, watu wakipita na madafu yao.

Nilimuuliza kama naweza kuandika. "Andika," akasema. "Lakini usinifanye malaika. Hasira nilikuwa nazo pia."

Hapo riwaya ikapata moyo wake, na hapo hapo ikapata tatizo jipya ambalo kila anayeandika kwa macho mengi atakutana nalo. Ikiwa Faraji anajua siri tangu mwanzo, nami nikaingia kichwani mwake sura ya tatu, ninaifichaje? Mtu aliyebeba jambo kama hilo analiwaza asubuhi akipiga mswaki. Nikiandika mawazo yake na nikaliruka hilo, nimemdanganya msomaji, na msomaji akigundua hatanisamehe, wala hana sababu ya kunisamehe. Nilijaribu kumfanya awaze kwa mafumbo, "lile jambo", "ile ahadi". Ilisomeka kama mchezo wa kujificha.

Niliamua nisiingie kwake kabisa mpaka siri itoke. Nusu ya kwanza ya kitabu Faraji anaonekana kwa nje tu. Mama anamsikia akishindwa kupanda ngazi, anasimama katikati, anarudi chini. Dada yake anaona amekonda na anadhani ni mambo ya starehe. Mpangaji anamwona usiku wa manane amekaa barazani peke yake, anamsalimia, hajibiwi. Thureya anajua habari ya deni sura ya 16, kwa kusikia. Sura ya 17 inafunguka, na kwa mara ya kwanza tuko ndani ya Faraji. Sura zake 6 zote ziko upande huo wa kitabu. Naamini ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sikuipata mezani.

Kuna kosa jingine nilisahihishe upesi. Hitima ya marehemu, kisomo cha kumwombea, niliisimulia mara nne, kila mtu na yake, pilau lile lile, mikeka ile ile. Nilidhani nawaonyesha watu wanne. Nilichokosa nilikuwa nakifundisha darasani kila mwaka: kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mvita na washairi wa Lamu walirushiana mashairi mwanzoni mwa karne ya 19, enzi za uhasama wa miji yao. Anayejibu harudii ya mwenzake. Hulichukua neno alilotupiwa, akaligeuza, na shairi la kwanza likaanza kuonekana vingine. Sasa nikirudi kwenye tukio lililokwisha kusimuliwa, lazima nirudi na kitu kilichoshikwa mkononi na sura iliyopita, ufunguo, kikombe, neno moja, na kitoke kikiwa na maana nyingine. Kama hakigeuki, sura haina haki ya kuwepo. Hitima imebaki moja, ya mpangaji aliyeitwa akae mkekani na hakujua aanze kula lini.

Ili nisipotee nilitumia kalenda ya zamani ya ukutani, upande wa nyuma. Majina manne juu, wiki za eda pembeni, na katika kila kijumba nikaandika mtu huyo anajua nini wiki hiyo. Sikuandika anachofanya, maana hilo mswada wenyewe unalo. Nimeokoa aibu nyingi kwa kalenda hiyo. Katika rasimu ya tatu Salma alimgombeza Faraji kwa jambo ambalo angelijua wiki mbili baadaye.

Sura ya mwisho ni siku Thureya anapotoka eda. Niliiandika kwa sauti yake, maana kitabu ni chake. Nililia nikiiandika, nikaiacha hivyo mwaka mzima. Kisha nikamkumbuka shangazi na karai lake. Mwanamke anayetoka nje baada ya miezi minne yuko kwenye mwanga, uchochoro, watu, salamu. Yeye mwenyewe hajioni. Nani amwone? Faraji angemwona kwa hatia, Salma kwa hofu. Nikampa mpangaji, ambaye amekaa juu yake siku zote hizo na hajawahi kumwona waziwazi.

Nilirudi kwa shangazi nikamsomea. Yeye mwenyewe aliwahi kukaa eda, na mengi anayoyasikia Thureya ni yeye aliyeniambia: adhana za misikiti ya Mji wa Kale zisivyoanza pamoja, Mandhry ikitangulia au ikifuata, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake kabla dele halijafika mlangoni. Safari hii hakunizuia. Nilipomaliza, alinyamaza, akanirudisha mahali mjane anaposhuka.

"Umemshusha mbio," akasema. "Mtu aliyekaa miezi minne hashuki ngazi kama wewe. Nilisahau zina urefu gani. Niliupapasa ukuta."

Usiku ule niliandika upya mshuko ule, kidato kimoja kimoja, kama mpangaji anavyouona akiwa amesimama juu, hathubutu kushuka kabla yake: buibui jeusi, utosi ulioinama, na mkono wa kulia ukitangulia ukutani, ukigusa chokaa kwanza ndipo mguu ufuate.